Yadi ya magari: vifo kumi na sita kwa ajili ya mtu mmoja

Risasi iliyoniua mara ya tisa iliingia mgongoni. Nane zilizotangulia zilinipata usoni au kifuani, nami nikawa nimejiaminisha kwamba shida yangu ni shabaha mbovu tu. Ya tisa ikanifanya niachie kipanya na kuegemea kiti. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya ukuta, majambazi wako mbele yangu nawaona. Huyu wa nyuma katokea wapi?

Gemu lenyewe ni S.T.A.L.K.E.R.: Shadow of Chernobyl, kazi ya studio ya GSC Game World ya Kyiv, nchini Ukraine, lililotoka Machi 2007. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka kweli tarehe 26 Aprili 1986. Watengenezaji wakabuni janga la pili mwaka 2006, na hadithi yao wakaiweka mwaka 2012, wakati eneo zima kuzunguka mtambo limegeuka kuwa Kanda: mionzi, wanyama waliobadilika maumbile, mitego isiyoonekana inayomrarua mtu hewani, na vitu vya ajabu ambavyo watu huingia kwa siri kuvitafuta ili wakauze. Watu hao ndio mastalka. Wewe unaamka katika handaki la mfanyabiashara mmoja mnene aitwaye Sidorovich, huna kumbukumbu, huna jina, na kwenye kifaa chako cha mkononi kuna agizo moja tu: muue Strelok.

Hayo ya Strelok yatakula saa nyingi baadaye. Kisa hiki ni cha kazi ya kwanza kabisa, ile ambayo kwa makadirio yangu imewafanya watu wengi walifute gemu hili kwenye kompyuta zao kabla hawajaonja chochote. Stalka aitwaye Nimble ametekwa na majambazi akiwa na kifaa cha kuhifadhia data ambacho Sidorovich anakitaka. Majambazi wamejichimbia kwenye yadi ya zamani ya magari, mwendo mfupi kutoka kijiji cha wageni wa Kanda. Nenda, mtoe, urudi. Nilicheza kwa kiwango cha ugumu kiitwacho Master, cha juu kabisa kati ya vile vinne, kwa sababu ya kiburi ambacho hakina maelezo ya maana.

Kwanza mali niliyokuwa nayo, kwa kuwa hapa ndipo kosa langu lilipoanzia. Kisu. Bastola ya Makarov, magazini ya risasi nane. Bendeji kadhaa na visanduku vichache vya dawa. Boliti za kurusha mbele ili kubaini mitego. Vazi la kukinga mwili hakuna. Kuna koti la ngozi limefichwa kwenye dari ya nyumba moja pale kijijini, lakini mara nne za kwanza sikulijua, nikaenda vitani na nguo za kawaida kama mtu anayekwenda kumtembelea jirani.

Nane za mwanzo nizipitie haraka. Niliingia kwa lango nikikimbia, nikafa. Niliingia kwa lango nikinyata, nikafa. Nilipanda kilimani kufyatua nikiwa mbali, na Makarov ikanionyesha kwamba haikuumbwa kwa kazi hiyo: nilimimina magazini tatu na jambazi mmoja tu akachechemea. Mara mbili niliua wawili, nikafurahi, nikatoka mafichoni kwenda kuwapekua, na mwenzao akanimalizia kwa shotigani iliyokatwa mtutu, umbali wa hatua tano. Shotigani ile haina mjadala. Ukiwa karibu nayo, unasikia mlio na skrini imeshageuka.

Sasa ya tisa. Mpango ulikuwa mzuri, au niliuona hivyo. Nilipata pembe ya jengo, nikainama, nikawa nachungulia kwa kuuegemeza mwili kando kwa vitufe vya Q na E, natoa kichwa na bastola tu. Nikafyatua mbili, nikarudi. Wakajibu, risasi zikagonga ukutani. Nikachungulia tena, nikampata mmoja kichwani, akaanguka. Nikarudi ukutani. Nikasikia wanapigiana kelele kwa Kirusi, ule wimbo wao maarufu wa kuchokoza, "cheeki breeki", ambao mashabiki wameugeuza kuwa kichekesho cha mtandaoni. Mimi sikucheka. Nikachungulia mara ya tatu, uwanja mtupu. Nikasubiri waonekane. Nikachungulia tena, bado mtupu. Hapo ndipo nilipopigwa mgongoni.

Baadaye nilirudia pambano lile lile kutoka pembe ile ile mara tatu, sikufyatua hata risasi, kazi yangu ikiwa kuwatazama. Niliwastua kwa mlio mmoja, kisha nikakimbilia sehemu nyingine nione wanaelekea wapi. Majibu yakawa wazi. Jambazi akikupoteza machoni hasimami kukusubiri. Anakumbuka mahali alipokuona mwisho, na wakati mmoja anakubana kwa risasi mbele, mwingine anazunguka jengo. Yaani kila nilipochungulia kutoka pembe ile ile, nilikuwa nawatangazia anwani yangu. Ukuta ulikuwa unanilinda mimi kama vile unavyomlinda panya aliyeingia kwenye mtego: hakuna kinachoweza kumpiga kutoka nje, ila kutoka hawezi.

Tumezoea magemu ya bunduki ambayo adui anakaa nyuma ya sanduku lake, anainuka kila baada ya sekunde chache, nawe unamvizia. Umahiri wetu wote umejengwa juu ya subira ya namna hiyo. Ndani ya yadi hii, subira ya kukaa sehemu moja ndiyo inayoua, na inachukua muda mkono kuliamini jambo ambalo akili imeshalikubali. Mimi ilinichukua vifo vinne zaidi.

Hivyo vinne vina kisa chake, nacho kinahusu kusevu, yaani kuhifadhi mahali ulipofika ili ukifa uanzie hapo.

Gemu linakuruhusu kusevu wakati wowote kwa kitufe cha F6, na kila sevu ya haraka inaifuta ile iliyotangulia. Katika jaribio la kumi nilifanikiwa kuwaua watatu. Mikono inatetemeka, moyo unadunda, nikabonyeza F6 kwa furaha. Sikuwa nimetazama hali yangu. Uhai umebaki kama robo, natoka damu, bendeji zimekwisha, na kwenye magazini kuna risasi tatu. Katika gemu hili jeraha halifungi lenyewe upesi: damu inaendelea kukupunguza hata ukijificha, mpaka ujifunge bendeji. Kwa hiyo nilikuwa nimejihifadhia kifo. Kila nilipofungua sevu ile nilikuwa na muda mfupi wa kuishi na risasi tatu za kuutumia. Nilijaribu kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu kutoka hapo hapo, nikijiambia kwamba nikipata vichwa vitatu mfululizo nitatoka salama. Ule haukuwa mchezo wa vita tena, ulikuwa kamari, na kama kamari zote ulinipa ushindi mdogo kila mara ili nisiondoke mezani. Mara moja nilipata vichwa viwili kati ya vitatu. Nilikesha nao.

Nilipofuta sevu ile na kurudi kijijini, nikajiwekea sharti: hakuna kusevu tangu risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Wapo watakaosema ni kujitesa. Mimi naona ndilo jambo lililonifundisha zaidi, kwa sababu ukijua huwezi kurudi nyuma unaanza kufikiria dakika kumi kabla ya vita badala ya sekunde kumi ndani yake.

Na dakika kumi kabla ya vita kuna nini? Kuna Petruha.

Petruha ni stalka kijana anayesubiri karibu na yadi pamoja na vijana wenzake wachache. Wolf, kiongozi wa kijiji, anakuelekeza kwake. Unapozungumza naye unaweza kukubali mshambulie pamoja au kumwambia utakwenda peke yako. Majaribio yangu yote ya mwanzo nilikwenda peke yangu, au nilimchukua kisha nikamtangulia kwa mbio, jambo ambalo ni lile lile. Nilimdharau. Magemu yametufundisha kwamba askari wa pembeni ni mapambo: wanapiga kelele, wanafyatua hewani, wanangoja wewe shujaa umalize kazi. Sikuwahi hata kumtazama anavyopigana.

Jaribio la kumi na nne nilikwenda naye nikakaa nyuma kabisa, nikatazama. Wale vijana walipigana kweli. Walikosa, walipatwa, walianguka, lakini pia waliua. Mfumo wa akili bandia wa gemu hili, ambao watengenezaji waliuita A-Life, umejengwa ili watu na wanyama wa Kanda waendelee na maisha yao, wagombane na wauane bila kukungoja wewe. Risasi ya Petruha inaua kama yangu. Kilichonigusa zaidi ni kwamba majambazi walipokuwa wanamkabili yeye, migongo yao ilikuwa upande mwingine. Ile hila iliyoniua mara ya tisa sasa ingeweza kuwa yangu. Nilikufa hata hivyo, kwa kusogea karibu mno nitazame vizuri.

Ya kumi na tano nilijaribu usiku, nikiwa nimezima tochi. Pembeni mwa ramani ndogo kuna vijiti viwili, kimoja kinaonyesha kelele unayotoa na kingine jinsi unavyoonekana, na gizani hicho cha pili kinashuka chini kabisa. Niliingia hadi ndani ya yadi bila kuonekana. Shida ni kwamba giza halina upendeleo. Nilifyatua kwenye kivuli, kivuli kikawa pipa, na mwanga wa mtutu ukawaonyesha wote nilipo. Ya kumi na sita sina cha kusema, nilipotea njia nikakanyaga mtego wa Kanda hata sijafika yadini. Boliti zilikuwa mfukoni.

Ya kumi na saba niliondoka kijijini alfajiri. Koti la ngozi mwilini, bendeji na dawa za kutosha, Makarov imejaa. Nikazungumza na Petruha, nikamwambia twende pamoja. Wao wakaelekea langoni. Mimi sikwenda nao. Nilijitenga ubavuni, nikazunguka ukuta kwa mbali, nikiinama, bila kukimbia, kwa sababu ukikimbia pumzi inakwisha na utaihitaji baadaye. Nikasikia mapigano yameanza upande wa pili. Nikajizuia. Huo ndio wakati mgumu kuliko wote: kusikia vita na kutokwenda.

Nilipoingia, jambazi wa kwanza niliyemkuta alinipa mgongo, hatua saba au nane. Kwa umbali huo Makarov inakuwa silaha nyingine kabisa. Risasi mbili. Alikuwa na shotigani ya mitutu miwili iliyokatwa, na hapa niseme wazi: kuipata shotigani ile ndiyo robo tatu ya ushindi. Nilipekua mwili wake palepale, nikachukua bunduki na risasi zake, nikahama. Sikungoja mlio wa bastola yangu umlete mtu. Nilihama kabla, nikaingia mlango wa jengo la pili, na kweli mmoja akaja mbio hadi pale nilipokuwa nimesimama muda mfupi uliopita. Akasimama akitafuta. Nikampa mtutu mmoja kutoka mlangoni, umbali wa meza.

Kuanzia hapo sikukaa sehemu moja kwa zaidi ya mlio mmoja. Fyatua, hama. Fyatua, hama. Nilipigwa mara mbili, nikajifunga bendeji nyuma ya gari bovu, nikahama tena. Mara moja nilijibanza nyuma ya mbao nikakumbuka kwamba katika gemu hili ubao mwembamba hauzuii risasi. Nikatoka pale upesi. Wa mwisho niliyemsikia alikuwa akilalama chini, amejeruhiwa, kwa sababu humu mtu aliyepigwa anaweza kuanguka akabaki hai akiomba msaada. Nilisimama mbele yake nimeelekeza mitutu. Tuseme kwamba nilihitaji kuokoa risasi.

Kisha kimya. Kile kimya cha upepo na chuma kinacholia, ambacho watengeneza sauti wa gemu hili walikifahamu vizuri mno.

Kuna rafiki mmoja ninayecheza naye magemu ambaye hakubali uchambuzi huu. Hoja yake ni kwamba pambano hili limepangwa vibaya: gemu linakupa bastola dhaifu kuliko zote, linakutupa mbele ya genge zima, halikufundishi kwamba adui anazunguka, halikuonyeshi lilipo koti, na wachezaji wanaovumilia wanasifia uvumilivu wao wenyewe badala ya gemu. Sehemu ya hoja hiyo naikubali bila ubishi. Lile koti kwenye dari ni mzaha wa mtengenezaji, haiwezekani mtu anayejifunza kutembea apande kupekua dari. Na usahihi wa Makarov ni mbovu kupita kiasi. Bastola hiyo ilianza kutumiwa na jeshi la Kisovieti mwaka 1951, na sidhani ingedumu jeshini miaka yote hiyo kama ingekuwa inapiga kando jinsi inavyopiga humu.

Lakini pale anaposema gemu halikufundishi, hapo tunaachana. Linafundisha, ila kwa namna isiyozoeleka. Limemweka Petruha njiani. Limemfanya azungumze, aeleze hali, angoje jibu. Maelezo yote ya pambano yako kwenye kinywa cha mtu ambaye mimi nilikuwa nabonyeza kumpita ili niwahi kufa. Ugumu wa pambano umepimwa kwa kundi, nami nilikwenda peke yangu nikalalamika mzigo mzito.

Kuhakikisha kwamba ya kumi na saba haikuwa bahati, nilirudia kwa mpango ule ule mara tano kutoka sevu ya alfajiri. Nilishinda tatu. Mara mbili nilizoshindwa chanzo kilikuwa kimoja: vijana wa Petruha waliuawa upesi langoni na majambazi wakageuka mapema, wakanikuta nikiwa bado na bastola. Halafu nikajaribu kwenda peke yangu kwa njia ile ile ya ubavuni, bila Petruha kabisa. Mara tano, nikashinda moja. Namba ndogo, za mtu mmoja, chumba kimoja, na mkono ambao wakati huo ulikuwa umeshaizoea yadi. Kwangu zilitosha. Njia ya ubavuni inasaidia, lakini kinachoifungua ni zile kelele za upande wa pili.

Niliporudi kwenye sevu ya kumi na saba, ile ya kweli, Nimble alikuwa chumbani anangoja. Akashukuru, akanipa kifaa, tukaagana. Nikatoka nje kupekua maiti moja moja, na hii ni kazi yenyewe: mwisho wa mzigo ni kilo 50, ukizidi pumzi inakatika kwa hatua chache, na ukipita 60 husogei. Nilikaa pale nikipima, bunduki ipi niache, mkate upi nibebe.

Petruha nilimkuta langoni, amelala kifudifudi. Ramani ndogo ilimwonyesha kwa nukta ya kijivu, kama majambazi. Nilisimama juu yake kidogo kabla sijabonyeza kitufe cha kupekua, maana alikuwa na risasi za bastola na mimi zilikuwa zimeniishia. Nikazichukua.

Nikarudi kijijini kwa miguu, nikashuka ngazi za handaki, nikampa Sidorovich kifaa chake. Alilipa. Hakuuliza ni nani waliobaki yadini. Akaanza kunieleza kuhusu nyaraka fulani za jeshi zilizoko kwenye taasisi ya Agroprom, mbali zaidi, ambako wangekuwepo askari wenye bunduki za rashasha.

Nilipotoka nje nilipanda kwanza kwenye dari za nyumba zote za kijiji, moja baada ya nyingine.